Kabla ya Kukariri Vimeng'enya vya Sukari, Tazameni Vifungo

Ninyi mnaoanza biokemia mtakabidhiwa orodha ndefu ya vimeng'enya (protini zinazoharakisha mmenyuko mwilini na katika viumbe hai), kama vile amilasi, maltasi, invertasi, laktasi na selulasi, na wengi mtakimbilia kuikariri. Ushauri wangu, baada ya miaka mingi ya kusimamia mazoezi ya maabara hapa Tanga, ni kwamba muulize kwanza kila kimeng'enya hukata kifungo gani. Vyote hivi hutumia maji kuvunja kifungo kinachounganisha sukari na sukari. Kinachovitenganisha hasa ni umbo la kifungo hicho na sukari zinazoshikanishwa nacho.

Wanga wa muhogo na selulosi ya mkonge vyote ni minyororo ya sukari ndogo iitwayo glukosi. Katika wanga vifungo ni vya alfa, katika selulosi ni vya beta, yaani vimeelekea upande tofauti, na tofauti hiyo tu inatosha kuifanya amilasi ya mate yetu iumeng'enye muhogo na isiuguse kabisa uzi wa katani. Mwaka 1894 mwanakemia Emil Fischer alilifananisha jambo hili na ufunguo na kufuli yake.

Lioneni wenyewe. Pondeni muhogo uliochemshwa, kwa kuwa punje za wanga mbichi humeng'enywa polepole mno, mkoroge na maji, mchuje, kisha mtie mate kidogo na kuiweka neli (kijibomba cha kioo cha maabara) katika maji ya nyuzi joto 37. Kila dakika dondosheni tone moja juu ya iodini kwenye kigae cheupe. Tone la kwanza litakuwa bluu iliyokoza hata kukaribia weusi, yatakayofuata yataelekea zambarau, kisha kahawia yenye wekundu, hadi iodini ibaki na rangi yake ya manjano. Neli ya pili itiwe mate yaliyochemshwa. Bila hiyo, hamjathibitisha kwamba ni kimeng'enya kilichofanya kazi.

Kinachowatatiza wengi ni sukari ya dukani, ambayo ni sukrosi. Haibadilishi rangi ya mmumunyo wa Benedict, kimiminika cha bluu cha kupimia baadhi ya sukari, kwa sababu glukosi na fruktosi zilizomo zimeshikana kwa ncha zilezile ambazo zingefanya badiliko hilo. Tieni hamira, ambayo ina invertasi, kimeng'enya walichokitumia wanasayansi Michaelis na Menten mwaka 1913 kupima mwendo wa mmenyuko. Baada ya muda chujeni na kupasha moto na Benedict, mtaona masimbi, yaani chembe zinazotuama, mekundu kama tofali. Pimeni pia hamira peke yake, bila sukari, mjue rangi hiyo imetoka wapi.