Raketi ya mshambuliaji wa dabo: kichwa kizito si kila kitu

Mkuu, unasema unacheza badminton ya dabo (wawili kwa wawili), kazi yako ni kukaa nyuma na kushusha smeshi, yale mapigo ya nguvu ya kutoka juu kwenda chini, na sasa unatafuta raketi yenye kichwa kizito kuliko zote, yaani uzito umeelemea juu kwenye nyuzi. Subiri kwanza. Mimi nimeshapita hapo.

Nilinunua ya uzito wa 3U, yaani gramu 85 hadi 89, kichwa kizito, shafti (ile fimbo kati ya mshikio na kichwa) ngumu haipindi hata kidogo. Smeshi ya kwanza ilikuwa inalia mpaka uwanja wa pili wanageuka. Tatizo ni ya pili. Kwenye dabo mpinzani anakinga tu, kinyoya kinakurudia kifuani, na raketi yangu bado iko chini karibu na goti. Pointi nilizipotezea hapo, wala si kwa udhaifu wa smeshi. Miezi michache baadaye bega nalo likaanza kuuma.

Nikashuka 4U, gramu 80 hadi 84, kichwa kizito kiasi, shafti ya ugumu wa kati. Mlio ukapungua kidogo, lakini sasa napiga smeshi tatu mfululizo bila kuchelewa.

Na usidhani kichwa chepesi hakipigi. Satwiksairaj Rankireddy wa India, naye mtu wa dabo, mwaka 2023 alipiga smeshi ya rekodi, kilomita 565 kwa saa, akiwa na Yonex Nanoflare 1000 Z, ambayo ni ya kichwa chepesi. (Mkono ni wake lakini, usije ukanidai.)

Utaambiwa pia kuwa kwenye raketi za Yonex, Astrox 88D ni ya mtu wa nyuma na 88S ya mtu wa mbele. Ni kweli zimetengenezwa hivyo, ila sisi wa jioni baada ya kazi tunazunguka ovyo. Dakika moja uko nyuma, mara umejikuta wavuni.

Pesa ikibaki, iweke kwenye nyuzi. Mimi nafunga nyuzi za Yonex BG65 kwa mkazo wa pauni 24. Ina unene wa milimita 0.70 na haikatiki ovyo. Usikimbilie 28 kwa kuwaiga wa kwenye video, utahisi kama unapiga kwa ubao. Mshikio chukua wa saizi ya G5, ni mwembamba kuliko G4. Kuunenepesha kwa gripu ni rahisi.

Kabla hujalipa, azima ya mtu ya aina hiyo hiyo. Usiijaribu kwa smeshi. Mwambie mwenzako akupigie vinyoya vya kifuani, vya haraka, dakika tano.