Usiache dawa ya macho siku ya pili

Mkuu wa Ujiji, umeuliza kama uache matone ya kloramfenikoli kwa vile tongotongo za dogo zimekauka siku ya pili, hapana jamani usiache, malizeni siku 5 maana bakteria wanaweza kuwa bado wamo. Siku 2 za mwanzo kawaida ni tone moja kila masaa 2 akiwa hajalala, baadae mara 4 kwa siku. Nawa mikono, vuta kope ya chini ifanye kimfuko, dondoshea humo, ncha ya chupa isiguse jicho kabisa. Na dada yake usimwekee hiyohiyo, kila mtu chupa yake. Ila jicho likiuma sana, mwanga ukimsumbua au haoni vizuri mkimbize hospitali ya Maweni, Kigoma, leoleo.