Kusoma baiolojia na saikolojia pamoja: niliyofundishwa na sapu

Sapu yangu ya kwanza chuoni, yaani mtihani wa marudio kwa aliyefeli, niliipata kwenye swali ambalo nilidhani nimeliua. Liliuliza kwa nini watu wawili wanakutwa na jambo lile lile, mmoja analemewa na msongo, mwingine analala usingizi wake. Mimi mtoto wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) nikajaza kurasa mbili: haipothalamasi, tezi ya pituitari, adrenali juu ya figo, kortisoli, homoni ya msongo, kwenye damu. Nikachora na mchoro, nikaweka na mishale. Yote yalikuwa kweli, na swali nilikuwa sijaligusa.

Vijana wa hapa Moshi wanaomaliza kidato cha sita huniuliza kama masomo haya mawili yanabebeka kwa pamoja. Yanabebeka. Wingi wa kusoma si tatizo, PCB imeshawazoesha. Kinachowaangusha wengi ni kwamba baiolojia ya mwanzoni inataka ujue sehemu na kazi yake, saikolojia inakuuliza: umejuaje? Walipimwa akina nani, walilinganishwa na nani, hakuna maelezo mengine?

Likizo ile nilikuwa nyumbani Pasua, nimenuna. Baba mdogo, muongoza wageni wa siku nyingi, alikuwa ametoka mlimani Kilimanjaro. Akasimulia juu ya mgeni mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye walipoipita kambi ya Barafu alianza kuwatukana wagumu, wale wapagazi, kisha akalia, kisha akaapa hajachoka huku miguu inapishana. Nikamuuliza, hiyo ni tabia yake au ni hewa?

"Mwanangu, mimi sina muda wa kuuliza hilo. Namwambia atembee kwenye mstari, kisigino kiguse vidole. Akiyumba, tunashuka."

Barafu ni mita 4,673. Ukifika kileleni Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa kama nusu ya oksijeni ya pwani, na ubongo, ambao ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Kinachopungukiwa ni kile kile anachotumia mgeni kupima hali yake, ndiyo maana haaminiki akisema yuko sawa. Lakini kuna wageni wawili wa kambi moja, vichwa vyote vinauma, mmoja anaomba kushuka, mwingine anaficha kwa sababu amelipa pesa nyingi na ameaga ofisi nzima. Hapo oksijeni peke yake haikutoshi.

Tangu siku hiyo nikawa na daftari moja badala ya mawili. Ukurasa wa kushoto mwili, wa kulia "umejuaje". Pavlov alinifungua macho: sisi tunamkuta kwenye saikolojia, lakini alikuwa mtu wa fiziolojia, na Nobeli yake ya 1904 ni ya kazi ya mmeng'enyo wa chakula. Yale majaribio yake ya mbwa waliozoeshwa kutokwa mate kabla hata ya kuona chakula yalianzia huko.

Takwimu usiikimbie. Madesa ya takwimu, zile notisi za kunakiliana, hayamwokoi mtu. Kaa chini, kokotoa kwa mkono mpaka ujue namba inatoka wapi. Na kabla ya kusajili kozi, weka ratiba za idara zote mbili mezani, maana maabara za mchana hupenda kugongana na semina, na hakuna idara itakayokuhurumia.

Nyumbani nako waambie mapema. Jirani yetu bado anasema nilisomea vichaa. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kwanza. Shahada hii haikupi kalamu ya kuandika dawa. Kama roho yako iko huko, nenda udaktari moja kwa moja, usipitie kwetu.

Sapu niliifanya kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza. Safari hii lilikuja swali la kumbukumbu. Nikaanza na Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa sehemu za ubongo mwaka 1953 kutibu kifafa. Hakuweza tena kushika mambo mapya, lakini alipofundishwa kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, alizidi kuboreka siku hadi siku, bila kukumbuka kwamba aliwahi kuichora. Nikaandika walimpimaje, na kipimo hicho kinatuambia nini. Mchoro niliuweka, mmoja, mdogo, pembeni.