Wosia wa baba umo kwenye daftari la kahawa

SWALI: Shikamoo Babu Hakimu. Baba alifariki mwezi Machi huku kwetu Muleba. Kwenye daftari alilokuwa akiandikia kilo za kahawa tumekuta ukurasa wa mwandiko wake, kalamu ya bluu: nyumba na kibanja (shamba) cha bondeni ni vyangu. Tarehe ipo, saini ipo, na walioshuhudia ni baba mdogo na katekista. Chini kaongeza kwa penseli, "na ng'ombe wawili." Kaka anasema ni karatasi tu, haina mhuri wa wakili, tena mwanamke hapewi kibanja. Mama siku hiyo alikuwa amelazwa hospitali.
Binti wa Muleba

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Huo mhuri kaka yako kautoa wapi? Kanuni za sheria za mila za mwaka 1963 hazidai wakili. Zinadai wino, tarehe, saini, na kwa anayejua kusoma kama baba yako, mashahidi wawili wanaosoma: mmoja wa ukoo, mmoja mtu baki. Baba mdogo na katekista wanatosha, mradi wenyewe hawamo kwenye mgawo.

Wasiwasi wangu ulikuwa kwa mama yenu. Mke aliyeko nyumbani wosia unapoandikwa naye lazima ashuhudie, na nimeona wosia mzuri ukianguka hapo tu. Kwa kuwa alikuwa wodini, itafuteni kadi yake ya hospitali na mlinganishe tarehe.

La mwanamke kutopewa kibanja, mwambie kaka asome kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera huko huko. Aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, akaliuza, mpwa wake akamshitaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, akasema mwanamke ana haki ile ile ya mwanamume.

Ng'ombe wale usiwategemee, penseli haikubaliki. Labda kaka akupe kwa hiari, ingawa kwa barua yako sioni dalili.

Kaeni kikao cha ukoo, mwandike muhtasari, mpendekeze msimamizi wa mirathi, kisha mwende mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo. Kaka akidai baba aliishi Kikristo na si kimila, hakimu ndiye atakayeamua sheria ipi itumike. Daftari lipelekeni zima, msichane ukurasa. Na usije ukapitisha wino juu ya ile penseli, hata kama herufi zinafifia.