Kisu kimoja, samaki wawili

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Nilichora ngege katikati ya mafunjo, nikamchonga kwenye kipande cha lino, lile bamba laini la kuchonga na kuchapia, na kuandika DUNGA, jina la ufuo wetu wa wavuvi, chini yake. Nilipochapa, herufi zilitoka kinyume na samaki mzima akawa bonge jeusi. Nikauchonga mchoro uleule kwenye kibuyu nilichonunua soko la Kibuye; huko nako samaki haonekani kabisa. Kosa ni la mkono wangu au la vifaa?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Mkono wako hauna neno, mwanangu. Umekipa kisu kazi mbili zinazopingana, ukadhani ni moja.

Kwenye lino, wino hushika sehemu ulizoziacha. Kila unapopitisha kisu unaondoa weusi. Wewe ulikata mstari mwembamba kuzunguka samaki, mwili ukauacha ulivyo, basi ukapata bonge. Usianze na umbo lake, anza na mwanga. Nenda Dunga asubuhi, umtazame ngege aliyetoka majini sasa hivi: mgongo una giza, tumbo linang'aa. Kata tumbo kwanza, kisha magamba machache kama alama za ukucha, mgongo usiuguse. Mafunjo hayana shida. Kile kichwa chake cha nywele zisizochanwa ni mikato mirefu inayotoka mahali pamoja. Lino ikiwa ngumu, ianike juani kidogo, italainika. Na mkono unaoshikilia usikae mbele ya kisu hata siku moja. Nina kovu la kushuhudia.

Huenda wino nao ulizidi. Heroe wangu wa kwanza, hapa Nakuru, walizama kwenye wino mpaka miguu yao ikaonekana kama magogo. Tandaza wino kwenye kioo kwa rola na usikilize: ukilia kama tope chini ya viatu, ni mwingi. Unataka mchakacho mwembamba tu.

Herufi zina dawa rahisi. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya lino, usugue kwa mgongo wa kijiko. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na uchapaji utaurudisha sawa. Kijiko hichohicho kinatosha kuchapia kama huna mashine.

Sasa kibuyu. Ganda lake ni la manjano hafifu, na ukilikwangua ndani ni jeupe-jeupe. Nani atauona mkato huo? Changanya masizi na mafuta kidogo, sugua juu ya mikato, kisha pangusa ganda kwa kitambaa. Weusi utabaki ndani ya mitaro. Huku kisu ndicho kinacholeta giza, kwa hiyo ule mstari wako wa kuzunguka samaki, uliokuangusha kwenye lino, hapa unafaa kabisa. Kwanza kitikise usikie mbegu zikicheza. Zikinyamaza, huenda hakijakauka. Kiweke juu ya ngata kisibingirike.

Ukishakipaka hivyo, kiwe cha kupamba ukuta. Jirani zangu Wakalenjin husugua sotet, kibuyu chao cha maziwa, kwa ndani, kwa mkaa wa mti wa senetwet, kabla ya kutia maziwa ya mursik, yaani ya kugandisha. Hiyo ni kazi ya tumbo, masizi yako ni ya macho.

Na DUNGA ya kwenye kibuyu, mwanangu, iandike kama unavyoandika daftarini.