Tendo Moja la Rozari, Taratibu

Kwenye jumuiya nyingi za Wakatoliki Rozari husaliwa mbio: katika Salamu Maria kiongozi hajafika "amebarikiwa", wenzake wameshadaka "Maria Mtakatifu". Sisemi sala hiyo ni bure, Mungu anasikia hata ya haraka. Ila Papa Paulo VI aliandika mwaka 1974 kwamba Rozari bila tafakari ni mwili usio na roho, nami naafiki.

Kwa hiyo Rozari nzima iache ya jioni na familia. Asubuhi chukua tendo moja tu, yaani tukio moja la maisha ya Yesu au Maria, unalolitafakari kwa Baba Yetu moja na Salamu Maria kumi. Soma mistari michache ya Injili inayohusika, nyamaza kidogo, ndipo uanze Baba Yetu. Kwenye Salamu Maria ongeza maneno ya tendo lenyewe: "na Yesu mzao wa tumbo lako, aliyetoka jasho la damu kwa ajili yetu, amebarikiwa." Ni desturi ya sehemu kadhaa, na Papa Yohane Paulo II aliitaja kwa kuisifu katika barua yake ya mwaka 2002 kuhusu Rozari. Ulimi unapunguza mwendo wenyewe. (Ukiongoza jumuiya waambie kwanza, la sivyo utawapoteza.)

Mimi hukaa sana kwenye tendo la pili la furaha, Maria kumtembelea Elizabeti. Luka anasema alikaa huko yapata miezi mitatu. Miezi mitatu! Tumezoea kuishia kwenye salamu na mtoto kuruka tumboni. Lakini nyumba ile ina mama mzee mwenye mimba ya miezi sita, mumewe hawezi kusema, na maji lazima yatekwe. Nikiwa kwenye daladala, rozari mfukoni, hujiuliza nani alikuwa akikoka moto asubuhi. Mara nyingi hapo hunijia mtu: shangazi anayeuguza, jirani aliyejifungua juzi. Simfukuzi akilini. Salamu Maria zilizobaki namwombea yeye, na nikishuka nampigia simu.

Ada, kodi na maneno ya bosi navyo vitakuja. Usigombane navyo, rudi kwenye mstari wa Injili. Ukisinzia, sali ukitembea.

Matendo yako makundi manne, kila moja na siku zake: Jumatatu na Jumamosi ni furaha, Jumanne na Ijumaa uchungu, Jumatano na Jumapili utukufu, Alhamisi mwanga. Kitabu chako cha sala kikiwa cha kabla ya 2002, matendo ya mwanga hutayakuta, kwani Yohane Paulo II aliyaongeza mwaka huo. Yaandike kwa kalamu ndani ya jalada: Ubatizo mtoni Yordani, arusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme wa Mungu, Yesu kugeuka sura, kuwekwa kwa Ekaristi.