Swali la lugha: Wimbo hutafsiriwa, hufasiriwa au hufasiliwa?

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Maskani kwetu Kisauni tumebishana mpaka watu wakanuniana. Tulikuwa tukisikiliza wimbo wa roki wa kundi la Queen, "Bohemian Rhapsody". Nikasema tafsiri yake ni kijana aliyeua mtu na sasa anangoja adhabu. Mwenzangu akanikatiza: kutafsiri ni kutoa maneno lugha moja ukayatia nyingine, hapo sema "fasiri". Wa tatu akashikilia "fasili". Nani ana haki? Na ile "Bismillah" iliyomo mle ndani yamaanisha nini?

JIBU: Waaleikumu salaam. Nianze na huyo wa tatu, maana lake ni fupi. Fasili ni maelezo ya neno au dhana kwamba ni kitu gani hasa: fasili ya ushairi, fasili ya nomino. Utaikuta sana kwenye vitabu vya vyuo. Sisi Wapwani tunayo pia katika kauli "hana asili wala fasili", kwa mtu asiyejulikana atokako wala ukoo wake. Unaweza kuifasili roki kama aina ya muziki, lakini wimbo mmoja na fumbo lake haufasiliwi.

Aliyekukatiza ana hoja, ila ameivuta kupita kiasi. Neno tafsiri tumelipata kwa Kiarabu, na huko ni ufafanuzi. Kugeuza lugha wao hukuita tarjama. Maana hiyo ya asili haijafa hapa Mombasa. Mtu akisema anakwenda kwenye darsa ya tafsiri mwezi wa Ramadhani, hatarajii sheikh aitoe aya Kiarabu aitie Kiswahili kisha afunge kitabu. Anatarajia kuelezwa ilishuka kwa sababu gani, neno hili laungana vipi na lile, na hukumu gani imetolewa humo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947, aliifanya kazi hiyo kwa kalamu, kwa Kiswahili. Tena kuna tafsiri ya ndoto, na ndoto haina lugha ya kugeuzwa.

Kwa hiyo hukukosea. Lakini shule na magazeti yameielekeza tafsiri zaidi kwenye kugeuza lugha, na wimbo wenyewe ni wa Kiingereza. Ukisema "tafsiri ya wimbo ule", msikilizaji hajui kama unataka kumpa maneno yake kwa Kiswahili au kumwambia unahusu nini. Hapo fasiri, yaani kueleza ulivyoielewa kazi, ndiyo itakayokutoa kwenye utata. Ningekushauri uitumie, hata kama mtu anayegeuza vitabu naye huitwa mfasiri.

Hilo la istilahi limekwisha. Linalonishughulisha zaidi liko katika swali lako la mwisho, ulipouliza "yamaanisha nini". Nadhani ugomvi wa maskani ulizaliwa hapo. Kiswahili kinatupa maneno mawili ambayo watu huyachanganya: maana na makusudio. Maana iko kwenye maneno, na kila ajuaye lugha aweza kuitafuta. Makusudio yako kifuani mwa mtunzi. Fasiri ni kazi ya msikilizaji, naye husimama katikati ya hayo mawili. Ukisema "wimbo huu unamaanisha kadha", watu husikia umedai kujua makusudio, na ndipo sauti zinapopanda.

Wapenzi wa taarabu wanalijua hili vizuri kuliko wengi wetu tunaoandika. Chukua ukumbi wa harusi. Mwimbaji amefika kwenye ubeti wa mtu aliyekula chakula cha mwenziwe na asishibe. Mama mmoja anainuka, noti ameikunja kati ya vidole viwili, anakwenda kutuza. Haendi moja kwa moja. Anapita mbele ya kiti cha mwanamke fulani, anasimama kidogo, anaicheza noti hewani, ndipo anampa mwimbaji. Ukumbi mzima umeelewa. Mtunzi wa wimbo hamjui mama huyo wala huyo aliyekaa. Pengine alikusudia mambo ya kisiasa, pengine mapenzi yake mwenyewe. Maneno hayakubadilika hata herufi, lakini fasiri ni ya mama yule, na tuzo ndiyo sahihi yake. Hapana anayemwambia amekosea.

Wapo watunzi ambao makusudio yao twayajua kwa ushahidi. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa, wa mwanzo wa karne ya 19, alitunga mafumbo mengi wakati Mazrui, watawala wa Mombasa, walipokuwa wakivutana na Lamu na Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar. Aliyemsikia siku ile hakuhitaji maelezo. Baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo hizo vinywani mwa watu akazieleza, na mmisionari Mwingereza William Taylor akaziandika. Bila ya kazi hiyo, shairi lililokuwa kombora la vita sisi leo tungelisoma kama shairi la bahari na majahazi tu. Waliotangulia walisema "fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua", lakini mwerevu naye ahitaji kujua limefumbwa lini na kwa ajili ya nani.

Sasa turudi kwa Queen. Wimbo ulitoka Oktoba 1975, nao wakaribia dakika 6. Mtunzi ni Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, wazazi wake wakiwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta. Maana ya sehemu ya kwanza haina fumbo: kijana anamwambia mamake kwamba ameua mtu, na kwamba ameyatupa maisha yake. Ulilolisema limo katika maneno yenyewe. Lakini ukiuliza aliyeuawa ni nani, au kama kuua huko ni kwa kweli au ni mfano, umetoka kwenye maana na kuingia kwenye makusudio, na Mercury alikataa kuyaeleza hadi alipofariki Novemba 1991. Wako wasemao kwamba aliyeuawa ni yeye mwenyewe wa zamani, Farrokh, ili Freddie apate kuishi. Ni fasiri nzuri, naipenda, lakini ibaki kuitwa fasiri.

Nikupe mfano wa fasiri iliyokwenda mbali. Mwaka 2004 kanda ya nyimbo za Queen iliporuhusiwa kuuzwa Iran, iliandamana na karatasi ya maelezo. Humo wimbo ulielezwa hivi: kijana ameua mtu kwa bahati mbaya, akamuuzia shetani roho yake, na usiku wa kuamkia siku ya kuuawa akamwita Mungu kwa kusema "Bismillah", roho yake ikarudi. Kisa kimeshikana vizuri, nacho kimesimama juu ya hilo neno moja ulilouliza.

Basi tulitazame. Maana yake kila mtu hapa anaijua: kwa jina la Mwenyezi Mungu. Matumizi ndiyo mengi. Twaisema tukianza kula, kuchinja, kufunga safari. Mgeni akiwakuta mezani mwamwambia "Bismillahi" na maana yake ni karibu, nawa mikono. Na mtoto akijikwaa, mama hutamka "Bismillahi!" kabla hata hajamfikia. Katika wimbo neno haliko mwanzoni mwa jambo lolote. Liko katikati ya mabishano, upande mmoja ukitaka kijana aachiliwe na mwingine ukikataa, na kila linapotamkwa kukataa hurudi pale pale. Kwa sikio langu la Kimvita, matumizi ya kwanza na ya pili hayaingii. La mama na mtoto ndilo linaloingia: ukelele wa kumwombea kinga mtu anayeanguka.

Hiyo ni fasiri yangu. Siwezi kuongeza kwamba Mercury alilichukua neno utotoni Zanzibar, ijapokuwa alikulia kati ya watu walisemao mchana na usiku, kwa sababu ushahidi wa hilo hautoki kinywani mwake. Tena katika sehemu hiyo hiyo kuna Galileo, mnajimu wa Kiitaliano. Figaro, kinyozi wa kwenye opera. Scaramouche, mchekeshaji wa michezo ya jukwaani ya Kiitaliano. Na Beelzebub, ambaye Biblia ya Kiswahili inamwita Beelzebuli. Mtunzi aliyepanga majina ya aina hiyo mfululizo huenda alikuwa akifuata mlio zaidi ya maana. Washairi wetu hawaoni aibu kufanya hivyo. Wana inkisari, mazida na tabdila za kulifupisha neno, kulirefusha na kuligeuza ili kina kikae sawa, na wakati mwingine neno zima huitwa kwa sababu ya sauti yake tu.

Mkikutana tena maskani, sema hivi: "Mimi naufasiri wimbo huu kuwa ni wa kijana anayengoja adhabu." Mwenzako naye aseme ya kwake. Atakayesema "Mercury alikusudia" ndiye mtakayemdai ushahidi. Na kwa vitu vilivyomo ndani ya wimbo, kama bunduki ya kijana yule, tumieni "inaashiria": bunduki inaashiria kadha, si "bunduki inamaanisha".

Mkiandika, neno la wimbo liacheni bila i ya mwisho, "Bismillah", maana mnanukuu. Katika sentensi zenu wenyewe andikeni "Bismillahi", kwa herufi kubwa, kwani ndani yake mna jina la Mwenyezi Mungu.